Majivu Chini ya Mgomba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikuwa na kazi mbili za alfajiri: kufagia uwanja, na kumficha baba yangu habari za mwili wake mwenyewe. Ya kwanza niliifanya vibaya, mama alilalamika kila siku. Ya pili niliifanya vizuri sana, na ndiyo iliyonikalia moyoni hadi leo.

Tuliishi kambini, katika shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, kwenye safu ya nyumba za chumba kimoja kimoja zilizopakwa rangi moja ili meneja asichanganyikiwe. Sisi wenyewe hatukuchanganyikiwa. Majirani tulitambuana hata kwa kikohozi. Wazazi wangu walikuja kutoka upande wa ziwa kabla sijazaliwa. Mama alichuma majani. Baba alikuwa mtu wa boila kiwandani, yaani alilisha moto magogo ya blugamu tangu zamu ianze hadi iishe, ili majani aliyochuma mama na wenzake yakauke. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye shingo kama gogo lenyewe, na sifa yake kambi nzima ilikuwa kwamba hajawahi kuugua. Alipenda kuitangaza mwenyewe. "Faili langu kule dispensari lina jalada tu," alikuwa akisema. "Ndani hamna kitu."

Mwaka ule alianza kunywa maji kama mtu aliyetumwa kuyamaliza. Alimaliza jagi zima kabla ya kuvua viatu, halafu akaomba chai, na chai yake ilikuwa ya vijiko vitano. Hakuna aliyeshangaa. Mtu anayeshinda mdomoni mwa moto akisikia kiu, utamuuliza nini? Maswali huulizwa kuhusu mambo yasiyo na sababu, na kiu ya baba ilikuwa na sababu kubwa, ya chuma, yenye bomba refu linalotoa moshi mchana na usiku.

Maji yakiingia hutoka. Choo chetu kilikuwa mwisho wa safu, karibu na mfereji, na wanaume wengi kulipopambazuka hawakuwa na subira ya kufika huko kwa haja ndogo. Baba alikuwa na mgomba wake nyuma ya nyumba. Hivyo ndivyo mimi, mfagiaji, nilivyokutana na sisimizi.

Walikuwa wamepanga mstari mweusi kutoka ukutani hadi chini ya ule mgomba, wengine wakienda, wengine wakirudi, wote wakiwa na shughuli. Nilichutama nikatafuta walichokifuata. Hapakuwa na mfupa wala makombo ya andazi. Palikuwa na udongo uliolowa tu. Niliwafagia. Kesho yake walikuwa wamerudi, na mstari ulikuwa mnene zaidi. Nikaenda kumwita Dani.

Dani, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka nyumbani kututembelea. Alilala kwa mjane jirani yetu, kwa kuwa kwetu mama halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa, na kambi haikujengwa na mtu aliyewahi kulifikiria jambo hilo. Alikuja na shuka mabegani, akasimama juu ya sisimizi wale kwa muda mrefu, halafu akaniuliza ni nani anayekojoa pale. Nilipomwambia ni baba, alishika kidevu.

Alinieleza polepole, kwa lugha ya nyumbani, jinsi mtu anavyoelezwa jambo atakalolibeba. Sisimizi wakifuata maji ya mtu, alisema, ni udongo wa kwao umewatuma. Baba yangu ana watoto, ana mke, ana mvi mbili tatu, na hajajenga nyumba katika boma la baba yake. Udongo umechoka kumngoja. Dawa yake ni majivu ya jikoni kwake, yamwagwe asubuhi tatu mfululizo kwa kuwa ni mwanamume, angekuwa mwanamke zingekuwa nne, kabla jua halijayaona.

"Na yeye asijue," akasema. "Mtu akitajiwa sisimizi wake, anawafuata. Umesikia, nyakwara? Hata akikuuliza mwenyewe."

Nyakwara ni mjukuu. Nilisema nimesikia.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, baadhi vya watu wanaocheka imani za vikongwe, na lazima nimtendee haki Dani. Bila mashine, bila miwani, akiwa amesimama peku kwenye umande, aliona katika dakika tano jambo ambalo watu wenye mihuri walikaa mwaka mzima bila kuliona. Aliona kuwa mwili wa mwanawe una kasoro, na kwamba kasoro hiyo inatoka kwa mkojo. Alichokosea ni anwani ya aliyewatuma sisimizi.

Nilimwaga majivu asubuhi tatu. Siku ya nne hapakuwa na sisimizi hata mmoja. Dani alifurahi, nami nikapewa kipande cha samaki kikubwa kuliko cha kaka zangu. Ilikuwa tiba iliyofaulu kabisa, isipokuwa tulikuwa tumewatibu sisimizi.

Mvua ilipoyaosha majivu walirudi, nami nikayamwaga tena. Ikawa desturi. Dani alirudi nyumbani kwake, lakini kabla ya kuondoka alimkalisha baba akamsema juu ya nyumba hadi akakubali kutumia likizo yake kuijenga. Hakumwambia kwa nini ameshupaa hivyo. Baba alidhani ni uzee.

Halafu ikaja Siku ya Afya.

Hema lilisimamishwa kwenye uwanja wa mpira wa kambi. Kulikuwa na kitambaa kirefu kilichoandikwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na viti vya plastiki, na kipaza sauti kilichopiga kelele chenyewe kabla ya kupewa mtu. Tuliambiwa tungeanza saa tatu. Mgeni wa heshima alichelewa hadi saa sita, na kinga ikamngoja pamoja nasi juani. Alipofika alihutubia juu ya umuhimu wa kutochelewa kwenda hospitali, akapigiwa makofi, akaondoka.

Baba alipanga foleni kwa sababu karani alikuwa akiandika majina ya waliokuja. Alinichukua nimshikie koti. Nakumbuka joto la koti lile mikononi, na harufu yake ya moshi na grisi.

Kwenye meza palikaa daktari wa dispensari. Hakuwa daktari kamili, naye alitukumbusha hivyo mara kwa mara, lakini kambini aliyevaa koti jeupe ni daktari, hakuna rufaa. Alikuwa kijana, ametokwa na jasho, na mbele yake palikuwa na rundo la fomu na kikebe kidogo cha vijiti vya kupimia sukari. Vijiti vilikuwa vichache, watu walikuwa kambi nzima. Kwa hiyo mwongozo ulitoka juu: kila jibu la ndiyo ni alama moja, mwenye alama tatu atobolewe kidole apimwe, mwenye mbili kushuka chini apewe kijitabu. Kijitabu kilikuwa na picha ya mwanamume anayetabasamu akila tufaha, tunda ambalo wengi wetu tulilijua kutokana na picha hiyo.

Baba alijibu kwa sauti ya mtu anayejua nyuma yake kuna wasikilizaji. Kiu nyingi? "Daktari, mimi niko boila. Njoo ukae kule saa moja, tutaongea." Watu wakacheka, daktari akacheka, akaweka alama. Kwenda haja ndogo mara nyingi? "Sasa hayo maji niyaweke wapi?" Alama ya pili. Kidonda kisichopona, hapana. Macho, mazuri, alisoma maandishi ya kitambaa kutoka pale alipoketi, pamoja na jina la mchapishaji pale chini. Zikabaki mbili mpaka wakafika swali la mwisho, lililouliza kama watu wa nyumbani wameona mabadiliko yoyote.

Baba aliniwekea mkono kichwani. "Huyu ndiye ananiona kila asubuhi," alisema. "Muulize."

Alikuwa anatania, lakini daktari yule, na kwa hili simlaumu kamwe, aliweka kalamu chini akainama hadi uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mamaa, kuna kitu umeona kwa baba? Kitu si cha kawaida?"

Nilikuwa nacho mdomoni. Nakumbuka kilivyokuwa kizito, kama pipi unayoogopa kuimeza nzima. Lakini baba alikuwa pale pale, mkono wake juu ya nywele zangu, na nikikitaja angesikia, na akisikia angewafuata.

"Hakuna," nikasema.

"Usiogope. Hata kitu kidogo."

"Hakuna kitu."

Akaandika. Nilitazama kalamu ikiandika. Halafu akampa baba kijitabu, akagonga mhuri, akaita, "Mwingine."

Tulirudi nyumbani kwa njia ya katikati ya chai, baba akijipepea kwa yule mla tufaha, akieleza watu kwamba hata serikali imethibitisha. Nami nilitembea nyuma yake na koti, nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Nilikuwa nimejaribiwa mbele ya watu, nami nimemwokoa baba yangu.

Alienda likizo kujenga, akarudi amekonda. Watu walisema nyumba humkondesha mwenyewe, na ni kweli, husemwa hivyo. Mama alitoboa tundu jipya kwenye mshipi wake kwa msumari uliopashwa moto, na baada ya wiki chache akatoboa lingine. Gogo lilimkwaruza kidole cha mguu. Mkwaruzo mdogo, wa kupaka mate na kusahau, lakini haukusahaulika. Ulikaa. Ulianza kunuka. Alienda dispensari akafungwa bandeji, akaulizwa alivyoumia, akajibu ukweli, na ukweli ukaandikwa: gogo. Safari ile hakukuwa na fomu ya maswali. Kidonda kilikuwa na sababu yake, kama kiu.

Aliposhindwa kwenda kazini, kambi ilikuja. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Walileta sukari, kilo kwa kilo, na soda, na ule unga wa glukosi wa dukani ambao kila mtu anajua unarudisha nguvu. Mama wa Kikipsigis tuliyenunua maziwa kwake alileta mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyu, akamtazama baba kwa muda, akamwambia mama kwamba kwao kuna mzee aliyekonda hivi, na huyo alipatikana na sukari. Mama alimshukuru. Mimi nilidhani anasema mzee yule alipewa sukari akapona. Jioni ile nilimkorogea baba glasi ya glukosi mwenyewe, nikaongeza kijiko. Alikunywa yote. Aliniambia mkono wangu una dawa.

Asubuhi moja hakuamka vizuri. Alipumua kwa nguvu kama mtu anayepanda mlima, na pumzi yake ilinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Walimpeleka hospitalini kwa pikapu ya kiwanda. Daktari wa kule, huyu kamili, alitoa kipimo akakiangalia mara mbili, halafu akamtazama mama.

"Hii haijaanza jana," alisema. "Kwani huko nyumbani hamkuona kitu?"

Mama alitazama sakafu. Nami nilikuwa hapo, nimeshika miguu ya kitanda. Ilikuwa mara ya pili naulizwa swali lile na mtu mwenye koti jeupe, nami kwa mara ya pili sikujibu, kwa sababu baba alikuwa bado anapumua, na sikutaka asikie.

Alifariki kesho yake, mchana, wakati wa kubadilishana zamu.

Tulimzika nyumbani, upande wa ziwa, kulia kwa mlango wa nyumba aliyoijenga. Mabati yalikuwa yamepigwa, milango ilikuwa bado. Dani alikaa chini karibu na kaburi bila kulia, akasema jambo moja tu, kwamba yeye alisema. Wazee wakaitikia. Ndiyo, alisema. Udongo uliita, na mtu amekuja. Onyo la kikongwe lilikuwa limetimia mbele ya macho ya watu wote, na tangu siku ile watu wa vijiji vya jirani walimtuma mtoto kumwita kila walipoona jambo uwanjani kwao. Alikufa akiwa na heshima kubwa. Sikuwahi kumwambia kuhusu hema. Ningemwambia nini? Kwamba nilitii?

Kwa miaka mingi niliamini siri ile ni yangu peke yangu, kwa kuwa Dani hakuwapo tena. Mama alistaafu kuchuma akahamia katika nyumba ile, ambayo hatimaye ilipata milango. Mwaka juzi nilienda kumsaidia kupukuchua mahindi, na sijui kwa nini, labda kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho hayakulazimika kukutana, nikamweleza. Sisimizi, mgomba, asubuhi tatu, hema, yote.

Mama aliendelea kupukuchua.

"Majivu ya jiko langu," akasema baadaye. "Nisijue yanaenda wapi?"

Alikuwa ameona mstari ule kabla yangu. Na alipoona majivu alijua ni mkono wa nani, na ni maneno ya nani, akanyamaza kwa sababu alidhani mimi ni mdogo, ningeogopa. Nikamuuliza kama baba aliwahi kushuku.

"Aliniuliza mara moja. Majivu ya nini pale nyuma. Nikamwambia ya kufukuza konokono, wanakula sukuma wiki." Aliweka gunzi chini akachukua hindi lingine. "Akasema sawa. Lakini hatukuwa na sukuma wiki upande ule. Alijua hatuna."

Kwa hiyo tulikuwa wanne ndani ya ile siri, kila mmoja akiwalinda watatu waliobaki. Baba alikuwa akiamka alfajiri, anasimama juu ya majivu yangu, anamaliza haja yake, anakwenda kazini. Sijui alifikiri nini. Labda alifikiri kwamba mke na binti wanaojisumbua hivyo wana sababu zao, na mtu mzima haulizi mara mbili.

Ninafanya kazi ofisini, mjini Bomet, na mkate wangu unatoka kwenye fomu, kwa hiyo sizidharau. Fomu ni mnyama mwaminifu. Huuliza alichofundishwa kuuliza. Kila mwaka nakwenda kupimwa nikiwa mzima, jambo ambalo wenzangu wa ofisi huliona kama kiburi au kama mkosi. Mwaka huu mhudumu aliniuliza kama kuna mtu wa familia mwenye sukari. Nikasema baba. Akauliza iligunduliwa lini. Nikamwambia siku moja kabla ya kufa. Akatafuta kisanduku cha jibu hilo, hakukipata, akaandika "zamani."

Kipimo changu kilikuwa juu. Si sana. Juu kwa kiasi ambacho, nikitembea, nikipunguza sukari, nikipimwa mara kwa mara, naweza kuishi nacho hadi nichoshe watu. Nilikaa na karatasi ile garini kwa muda. Jambo la kwanza lililonijia kichwani, nakiri, pamoja na vitabu vyangu vyote nilivyosoma, lilikuwa kwamba binti yangu asijue. Ana miaka tisa.

Jioni nilimwambia. Nilimtajia ugonjwa kwa jina lake, nikamwonyesha namba kwenye karatasi, nikamweleza babu yake alikufaje. Aliuliza kama nitakufa. Nikasema ndiyo, ila hili si lazima liwe ndilo litakaloniua. Halafu nikamwambia kwamba mtu yeyote akimuuliza habari za mwili wangu, awe daktari, awe jirani, ajibu anachokijua. Hata nikiwa nimesimama pale. Hata nikimkodolea macho.

Jumapili iliyofuata mama mmoja wa kanisani alikuja kutuamkua. Alimshika mtoto shavu akamuuliza kama mama mzima, vile watu wanavyouliza bila kungoja jibu.

"Si mzima sana," binti yangu akasema. "Sukari yake iko juu, na jana alikula mandazi manne."

Mgeni alinitazama kwa huruma, akingoja nimkemee mtoto kwa kuanika mambo ya nyumbani.

Nikasema yalikuwa matano.